Moto uliodhani umeuzima: tuelezane namna ya kuzuia moto wa bahati mbaya mashambani na porini

#1 Jembe Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nawaomba mvumilie, maana jambo lenyewe linaniuma.

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita nilichoma mabaki ya shamba langu. Sikujiona mzembe. Nilifyeka pembezoni, niliweka madebe manne ya maji karibu, niliwasha jioni upepo ukiwa umetulia, na sikubanduka pale hadi miali yote ikafa. Nikamwaga maji, mvuke ukapanda, nikaona weusi mtupu, nikaenda kulala.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jirani akanipigia simu kuuliza kama ninachoma tena. Sikuwa nachoma. Katikati ya lundo lile palikuwa na kisiki cha zamani, mizizi yake imekauka kama kuni. Moto ulikuwa umeshuka humo, ukatambaa chini ya ardhi siku tatu nzima bila kutoa moshi ambao jicho langu lingeuona. Upepo wa mchana ule ulipoanza kuvuma, ukatokeza ng'ambo ya kinga yangu, kama mita nne ndani ya nyasi za jirani.

Uzio wake wa upande ule uliteketea wote. Miti michanga aliyoitunza miaka mitano ikaondoka, na mizinga sita ya nyuki. Hakuna mtu aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Jirani alinisamehe na uzio tumeujenga upya kwa mikono yetu wawili, lakini miti ndiyo kwanza ameanza kuipanda tena.

Tangu siku hiyo nimesoma na nimemuuliza kila mtu ninayejua anaelewa moto. Nililolipata ni hili: sisi watu wa mashambani tunakuwa makini sana wakati wa kuwasha na wakati mwali uko juu. Mwali ukizama, na umakini wetu unazama nao. Ajali nyingi zinatungwa saa hiyohiyo, zinazaliwa kesho yake au keshokutwa.

Na wala si sisi wakulima tu. Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 1991, wazima moto wa Oakland, California, walizima moto mdogo wa nyasi kwenye vilima. Wana magari, wana mipira ya maji, ndiyo kazi yao. Jumapili yake upepo mkavu ukavuma, makaa yaliyosalia yakaamka, na kabla mambo hayajatulia watu 25 walikuwa wamekufa na makazi zaidi ya 3,000 yameteketea. Miaka zaidi ya 30 baadaye, tarehe 8 Agosti 2023, huko Lahaina katika kisiwa cha Maui, Hawaii, nyaya za umeme zilizokatika ziliwasha nyasi asubuhi. Kikosi kikauzima, kikakaa kuulinda hadi mchana, kikaondoka. Muda mfupi tu baadaye moto ukainuka palepale. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Uchunguzi rasmi uliotolewa 2024 ulisema moto wa mchana ulikuwa ni ule ule wa asubuhi, ulioamka.

Kama waliosomea kazi hiyo wanaweza kudanganywa na kaa lililojificha, mimi na ndoo yangu ni nani?

Sasa jinsi ninavyozima siku hizi. Maji yakimwagwa juu ya majivu yanapita juu tu. Majivu yanatengeneza ganda, maji yanateleza, chini kaa linabaki kavu kabisa. Kwa hiyo namwaga, kisha nakoroga kwa koleo hadi kufikia udongo wenyewe, namwaga tena, nakoroga tena, hadi panakuwa kama uji. Magogo nayageuza tumbo juu, maana kaa hupenda kukaa upande ulioegemea ardhi. Mwisho napeleka mgongo wa mkono karibu, bila kugusa kwanza, halafu nagusa. Mgongo wa mkono unahisi joto mapema kuliko kiganja, na ukiungua bado utashika jembe kesho. Nikihisi uvuguvugu wowote, moto haujazimika, naanza upya.

Kufukia kwa mchanga au udongo pekee nimekuacha. Udongo unaficha kaa na kulihifadhia joto, ndivyo watu wa mkaa wanavyofanya makusudi kwenye tanuru. Kama maji hakuna kabisa, changanya udongo na makaa, koroga, sambaza, koroga, hadi yapoe. Kufukia na kuondoka, hapana.

Visiki ndivyo adui yangu mkubwa. Siku hizi sichomi lundo juu ya kisiki wala jirani na kisiki. Kikishaungua kwa bahati mbaya, nachimba kukizunguka nifuate mzizi mmoja mmoja. Kisha narudi kesho yake asubuhi, kesho yake mchana, na kesho kutwa. Mchana ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu upepo na jua ndivyo vinavyomwamsha aliyelala.

Karibuni wakuu, kila mwenye uzoefu aweke hapa.

#2 Kiangazi Kirefu

Pole sana mkuu, na asante kwa kusema ukweli wako hadharani. Swali: mbona sisi tumezoea kusikia moto wa porini ni vichungi vya sigara na watu wabaya wanaochoma makusudi? Wengine wanasema chupa zilizotupwa zinakusanya jua. Je, hawa wanaochoma mashamba ni wengi kiasi hicho?

#3 Jembe Butu

Mkuu Kiangazi, swali zuri. Upo utafiti uliochapishwa 2017 uliopitia moto wa porini wa Marekani kuanzia 1992 hadi 2012. Ulikuta asilimia 84 ya matukio yalianzishwa na binadamu, radi ikabaki na sehemu ndogo iliyosalia. Humo ndani kuna waliokusudia, lakini ukiangalia orodha ya visababishi unakutana na mambo ya kawaida kabisa: kuchoma takataka na mabaki, moto wa kambi, mashine, magari, nyaya za umeme, watoto na viberiti.

Sigara inaweza, hasa nyasi zikiwa kavu kupita kiasi na hewa haina unyevu kabisa. Chupa nayo inawezekana, ila ni nadra mno, na naona tunaipenda kwa sababu chupa haina mwenyewe wa kulaumiwa. Usitupe chupa porini, sawa, lakini usiache lundo lako la majivu ukaenda kutafuta chupa.

Tarehe 23 Julai 2018 moto ulishuka kwenye mji mdogo wa Mati, Ugiriki, watu 104 wakafa, wengi wakiwa wanakimbilia baharini. Chanzo kilichobainishwa ni mtu aliyekuwa anachoma mabaki ya miti kwenye bustani ya nyumba yake, siku ya upepo mkali. Hakukusudia kumdhuru mtu. Nikisoma habari hiyo najiona mimi mwenyewe na lundo langu.

Na wakuu mtakumbuka Kilimanjaro, Oktoba 2020. Maelezo yaliyotolewa wakati ule ni kwamba huenda ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Moto mdogo wa kupashia chakula ulihangaisha mamia ya watu kwa siku nyingi.

#4 Fundi Cheche

Naomba niingie hapa kwa upande wangu wa ufundi. Mimi nachomelea vyuma, geti, trela, vifaa vya shamba. Watu wanaponiita shambani wananionyesha kazi, hawanionyeshi nyasi.

Wakuu, cheche ya grainda si mwanga tu. Ni kipande cha chuma kilichowaka. Kinaruka, kinadunda, kinabingirika, kinaingia kwenye ufa wa ubao au kwenye nyasi, na kinakaa humo na joto lake. Kanuni tunayofundishwa ni kuondoa kila kinachoungua ndani ya mita 11 kuzunguka kazi. Pale usipoweza kuondoa, lowesha au funika kwa kitu kisichoshika moto. Kuwe na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuangalia tu, hashiki chombo kingine, ana maji mkononi. Mimi nikivaa ngao ya uso sioni kitu zaidi ya ncha ya fimbo yangu, nyasi zinaweza kuwaka nyuma yangu nisijue.

Kazi ikiisha tunabaki pale saa nzima. Wateja wengi wananishangaa, "fundi mbona huondoki?" Nabaki kwa sababu hiyohiyo aliyosema Jembe Butu.

Na msidhani lazima iwe grainda. Mwaka 2018 California palitokea moto mkubwa unaoitwa Ranch. Mtu alikuwa anagongelea kigingi cha chuma kwa nyundo ili azibe shimo la nyigu kwenye ardhi yake. Cheche moja ya chuma kwa chuma. Zikaungua hekta zaidi ya 160,000 na mzima moto mmoja akafa. Mwaka huohuo, Julai, kuna trela lilipasuka tairi barabarani karibu na mji wa Redding, rimu ikakwaruza lami, cheche zikadondoka kwenye nyasi za kandokando. Huo ndio moto wa Carr, uliokula nyumba zaidi ya 1,000 na roho za watu. Kwa hiyo minyororo ya kuvutia trela isining'inie ikaburuta lami. Ipindishe, ifunge juu. Tairi za trela zikague kabla ya safari, watu wanakagua za gari wanasahau za trela.

Mashine ya kufyekea nyasi ikipiga jiwe ni hadithi ileile. Fyeka asubuhi umande ukiwa bado upo, na upite kwanza kwa miguu kuondoa mawe na vyuma. Ajabu yake ni kwamba mtu anafyeka ili ajikinge na moto, lakini anafyeka saa saba mchana kwenye jua kali, na kule kufyeka ndiko kunakowasha.

#5 Mpita Njia wa Bondeni

Fundi hapo kwenye magari fafanua. Mimi huwa naegesha gari kwenye nyasi nikienda kukagua mifugo. Lina hatari gani likiwa limezimwa?

#6 Fundi Cheche

Ndugu, bomba la moshi la gari, hasa pale penye kile kisafisha moshi chini ya sakafu, linaweza kupita nyuzi 500 likifanya kazi kubwa. Nyasi kavu zinashika moto chini sana ya hapo. Ukiegesha juu ya nyasi ndefu zinagusa chuma hicho moja kwa moja, na gari likishazimwa hakuna hewa inayopita kulipoza. Unashuka, unaenda zako, dakika chache baadaye nyasi zinafuka.

Egesha penye udongo mtupu au changarawe. Pikipiki nayo usiilaze kwenye majani. Trekta na mashine ya kuvunia ndiyo zaidi: makapi yanajikusanya kwenye injini na kuzunguka beringi. Beringi iliyokauka grisi inakuwa nyekundu kabisa. Puliza makapi kila siku kabla ya kuanza, weka kizima moto kwenye kiti cha dereva na si nyumbani, na tia grisi.

Nyaya pia. Matawi yanayogusa waya wa umeme yatolewe, ila usiyatoe wewe, waite wenye umeme wao. Jumamosi ile ya 7 Februari 2009 katika jimbo la Victoria, Australia, walikufa watu 173. Kati yao 119 waliuawa na moto mmoja ulioanzia kwenye waya wa umeme uliokatika. Ukiona waya umelegea au unarusha cheche, toa taarifa leo leo.

#7 Mama Mizinga

Mwanangu Jembe Butu, mimi ni mfugaji wa nyuki, na hiyo mizinga sita imenichoma moyo. Ila nami lazima niseme, maana sisi warina asali tumechoma misitu mingi.

Yule anayepanda mtini na mwenge wa majani, cheche zinadondoka chini naye macho yake yako juu kwa nyuki. Akishaumwa anaurusha mwenge na kukimbia. Hapo hakuna cha kuzima tena. Tuhame kwenye mwenge twende kwenye kile kifaa cha kufukizia chenye mfuniko na kiriba cha kupulizia hewa. Na hicho nacho kina sheria zake. Ndani yake moto unalala saa nyingi. Mimi nikimaliza naziba mdomo wake kwa majani mabichi, nakiweka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, narudi nacho nyumbani humohumo. Sikimwagi porini. Kabla ya kukiwasha nakwangua ardhi hadi udongo, nakitua hapo, siyo juu ya nyasi. Na maji lita tano ninayo, hata kama mzinga ni mmoja.

Msiniambie ni mzigo mzito. Ni mzito, ndiyo, na nina miaka yangu, naubeba.

#8 Sauti ya Nyika

Mimi naona tunazunguka. Dawa ni moja tu, kupiga marufuku kuwasha moto wowote shambani na porini. Atakayewasha afungwe. Tutaelimishana hadi lini?

#9 Jembe Butu

Ndugu Sauti ya Nyika, nakuelewa, na kuna siku ambazo marufuku ni sahihi kabisa. Siku ya upepo na ukame, hata mimi nasema asiwashe mtu. Lakini marufuku ya mwaka mzima naiogopa, na nakupa sababu yangu.

Mtu anayehitaji kuchoma na amekatazwa, atachoma kwa kificho. Hatamwambia jirani. Hatabaki pale alipowasha, maana akikutwa pale ni kesi. Moto ukimshinda hatapiga simu, atakimbia. Yaani kila kitu kinachofanya uchomaji uwe salama, yaani kutoa taarifa, kukaa, kuwa wengi, kuomba msaada mapema, tunakuwa tumekiua sisi wenyewe. Afadhali kibali chepesi chenye siku na saa, mtu aombe bila hofu.

Pili, nyika nyingine zisipochomwa kabisa zinajilimbikizia kuni. Wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia huchoma mapema kiangazi kinapoanza, nyasi zikiwa na ubichi ubichi, kipande hiki leo, kile kesho. Moto wake ni mfupi na wa polepole, usiku umande unauzima wenyewe. Baadaye kiangazi kikiiva, moto wa bahati mbaya ukitokea, unakuta viraka vyeusi visivyo na cha kula. Huo ni ujuzi, na wanaufanya pamoja kwa mpango. Siushauri kwa mtu mmoja mwenye kiberiti.

Ila nakubaliana nawe hapa: mengi tunayochoma hayakuhitaji kuchomwa. Mabaki ya mazao yakatwe katwe yatandazwe, yanatunza unyevu wa udongo. Matawi yanaoza lundoni. Mimi mwaka huu nimechoma robo tu ya nilichozoea, kile chenye magonjwa, kilichobaki nimekirudisha ardhini.

#10 Kiangazi Kirefu

Sawa, tuseme mtu ana ruhusa na ni lazima achome. Siku ipi na saa ngapi? Mimi huwa nachoma asubuhi mapema nikiamini kuna ubaridi.

#11 Mshika Pampu

Naomba nijibu hili. Nimejitolea kwenye kikosi cha kuzima moto wa porini kwa muda mrefu, na moto tulioitiwa mara nyingi zaidi ni huo wa asubuhi. Mtu anawasha saa moja, kila kitu kina umande, moto unamtii. Saa tano jua limepanda, unyevu wa hewani umeshuka, upepo umeamka, na yeye bado ana lundo linalowaka. Anayewasha asubuhi anaelekea kwenye hatari, na anayewasha jioni anaipa kisogo. Jimbo la Virginia, Marekani, kwa miaka mingi lilikuwa na sheria kwamba kuanzia 15 Februari hadi 30 Aprili hakuna kuchoma karibu na msitu kabla ya saa kumi jioni. Wazo lake ni hilo tu.

Kuhusu siku, kuna kipimo rahisi cha tatu: joto likizidi nyuzi 30, unyevu wa hewani ukishuka chini ya asilimia 30, upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa. Vikikutana vyote vitatu, hata cheche ndogo itakushinda. Viwili vikiwepo mimi siwashi. Na usiangalie siku ya leo tu, angalia utabiri wa siku mbili tatu zijazo, kwa sababu ya hilo kaa lililojificha.

Watu wanajidanganya pia na mvua ya jana. Nyasi kavu na vijiti vyembamba chini ya milimita 6 vinafuata hewa iliyovizunguka ndani ya saa moja hivi. Mvua ikinyesha usiku, saa sita mchana nyasi zimeshasahau. Gogo nene linahitaji wiki kadhaa kubadilika. Kwa hiyo unaweza kukanyaga udongo wenye unyevu huku nyasi za juu yake ziko tayari kuwaka.

Namna ya kuwasha: anza upande ambao upepo unaelekea, kwenye ukingo wa barabara yako ya moto (ule ukanda wa kinga uliofyekwa), ili moto urudi nyuma polepole ukipingana na upepo. Acha upate ukanda mweusi mpana. Ndipo uende pembeni, na upande upepo unakotokea uwe wa mwisho. Anayewasha upande wa upepo kwanza anaupa moto mbio ndefu, unafika kwenye kinga ukiwa na nguvu zote unairuka. Mlimani hesabu mwinuko kama upepo: kila nyuzi 10 za mteremko, moto unaopanda unaongeza kasi karibu mara mbili. Basi mlimani unaanzia juu ukishuka.

Malundo madogo, mawili matatu, utakayoweza kuyamudu kwa mikono iliyopo. Usichome lundo moja kubwa kama nyumba. Na usitie humo makopo ya dawa za kupulizia, yanalipuka na kutupa makaa mbali.

#12 Mzee wa Tanuru

Vijana, nami nichangie kidogo. Mkaa ukitoka tanuruni unaonekana umekufa. Ukipata hewa unaanza kujipasha wenyewe. Nimeona gunia likiwaka juu ya gari safarini, na gari zima likaungua. Ukifungua tanuru, tandaza mkaa, ukae kutwa na kucha unauangalia ndipo ufunge magunia. Na sehemu ya tanuru isafishwe pande zote hadi udongo mtupu, siyo pale mbele tu unapokaa wewe.

Tena usilale mbali na tanuru lako. Likipasuka usiku na hakuna mtu wa kuziba, asubuhi utakuta msitu hauna majani.

#13 Mpita Njia wa Bondeni

Mzee shikamoo. Hilo la kitu kujipasha chenyewe limenishtua. Mimi nina ghala la marobota ya nyasi za ng'ombe. Yanaweza kuwaka bila mtu kuwasha?

#14 Mshika Pampu

Yanaweza, ndugu yangu, na ghala ni jambo la kuliangalia leo. Nyasi zikifungwa zikiwa na unyevu unaozidi kama asilimia 20, vijidudu vinaanza kuzila na kutoa joto. Joto halina pa kutokea katikati ya robota, linapanda. Hatari kubwa iko kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya kufunga, wakati wewe umeshasahau.

Penyeza bomba jembamba la chuma katikati ya rundo, ushushe kipimajoto kwa kamba. Likifika nyuzi 55, angalia kila siku. Likikaribia 65, mara kadhaa kwa siku. Likifika 80, usiguse wala usifumue wewe mwenyewe. Ita wazima moto kwanza, maana ukifumua unaliingizia hewa na linawaka usoni pako. Dalili nyingine ni harufu kama ya sukari iliyoungua na mvuke asubuhi. Dawa ya kweli ni kuanika vizuri kabla ya kufunga na kutolijaza ghala hadi darini.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupakia mbao navyo ni hivyohivyo. Vitandaze vikauke nje, usivikunje kwenye kona ya stoo.

#15 Sauti ya Nyika

Nimesoma yote. Nimelegeza kidogo msimamo wangu wa jela, ila sijaridhika kabisa. Swali kwa Mshika Pampu: moto ukishatoroka tufanyeje? Kwetu watu wanakimbilia mbele yake na matawi.

#16 Mshika Pampu

Piga simu kwanza, kabla hujashika tawi. Watu wanaona aibu, wanasema nijaribu kwanza dakika kumi. Dakika hizo kumi ndizo ambazo wazima moto wangeweza kuukuta ungali mdogo. Nawaomba sana, hakuna mzima moto atakayekucheka kwa kumwita mapema.

Usikae mbele yake. Moto una kichwa (mbele unakokimbilia), una mbavu (pembeni), una mkia (nyuma unakotoka). Anzia mkiani, ukiwa umesimama kwenye weusi ulioungua tayari, ufuate mbavu ukielekea kichwani. Weusi ndiyo kimbilio lako upepo ukigeuka. Tawi bichi lisipigwe kwa kuinuliwa juu, linarusha cheche nyuma yako. Likandamize chini, vuta kuelekea weusi. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa, likioshwa vizuri likajazwa maji, ni silaha nzuri kuliko ndoo, kwa sababu ndoo inaisha kwa mtupo mmoja. Vaa pamba na viatu vilivyofunika mguu, nguo za plastiki zinayeyuka mwilini.

Miali ikizidi kimo chako, acha. Ondoa watu. Usipande mlima kuukimbia moto ulio chini yako, kata kwa pembeni. Uzio na ghala vitajengwa tena, Jembe Butu na jirani yake ni mashahidi.

#17 Jembe Butu (mrejesho)

Wakuu, asanteni. Naweka mrejesho.

Juzi jioni nilichoma yale mabaki yenye magonjwa. Nilimwambia jirani siku mbili kabla, naye akaja na bomba lake la mgongoni. Niliwasha saa kumi na moja, malundo matatu madogo, nikianzia upande alioelekeza Mshika Pampu. Saa mbili usiku miali ilikuwa imekwisha. Tukamwaga, tukakoroga, tukamwaga, hadi pakawa uji. Nikapitisha mgongo wa mkono, baridi kila mahali.

Jana saa nane mchana nilirudi. Malundo mawili yalikuwa poa. La tatu, chini ya gogo ambalo nina hakika nililigeuza, palikuwa na joto la kuchoma. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Nikachimba, nikakuta kaa jekundu la ukubwa wa ngumi limekaa ndani ya mzizi ambao sikujua kama upo. Limekula madebe mawili ya maji ndipo likanyamaza.

Leo mchana nimerudi tena, poa. Kesho narudi.